Nilikwenda Ufipa kusaka wapinzani, nikakuta mahindi na baridi

MWENZENU nimetoka Sumbawanga na bado nina kila kitu: mikono miwili, miguu miwili na akili zangu zilezile nilizoondoka nazo Dar. Nalisema hili mapema kwa sababu washikaji wangu wa kijiweni Sinza walikwishanizika. Mmoja alinishauri nisimwangalie mzee yeyote machoni. Mwingine akanitahadharisha kuhusu radi za kiangazi. Wa tatu, tena huyu ni msomi kabisa wa chuo, akaniomba nikirudi kwa ungo nimpitie Mbeya twende wote. Hayo ndiyo tunayoyajua sisi watoto wa mjini kuhusu Ufipa. Jina lenyewe Sumbawanga, kwa Kifipa, maana yake ni "tupa uchawi", yaani mwenyeji anakuambia uuache mzigo wako wa ajabu mlangoni ndipo uingie. Sisi tumeligeuza kichwa chini miguu juu.

Mimi wala sikufuata ungo. Mwaka 2020, CHADEMA ilipopigwa mweleka nchi nzima, ilibakiwa na jimbo moja tu la uchaguzi. Siyo Kawe, siyo Arusha Mjini, siyo Moshi. Ni Nkasi Kaskazini! Wangapi kati yenu, semeni ukweli wa Mungu, mnaweza kuweka kidole kwenye ramani mkaonyesha Nkasi? Basi nikasema niende nikawaone watu hao, niwaulize na uchaguzi wa wabunge wa 2030 wanauonaje. Upinzani utarudi, au ndiyo nitolee?

Ukitoka Mbeya, njia ya Ufipa inaanzia Tunduma, pale penye malori ya kwenda Zambia yaliyopanga foleni kama siafu. Unakata kulia, unaiacha Zambia na kelele zake, unapanda. Zamani kipande hiki cha kilomita zaidi ya 200 kilikuwa adhabu. Watu walifika Sumbawanga wekundu kuanzia kope hadi soksi, na wakati wa mvua hawakufika kabisa. Siku hizi ni lami tupu, iliyojengwa kwa msaada wa fedha za Wamarekani, na abiria wanasinzia kama wako Morogoro Road.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa kijana muuza simu wa hapo Tunduma. Nilipomtajia siasa alicheka mpaka konda akageuka. "Bro, sisi Tunduma tumeshamaliza hiyo kozi," akaniambia. Na kweli wameimaliza. David Silinde alikuwa mbunge wa CHADEMA upande huu tangu 2010, kwanza Mbozi Magharibi, halafu Momba. Mwaka 2020 akahamia CCM, akagombea Tunduma, akashinda, akawa naibu waziri. Ni haki yake, nchi hii ni huru kuhama. Lakini hebu vaa viatu vya yule aliyelala macho akimlindia kura mwaka 2010. Kijana alisema yeye hana hasira na CCM, maana CCM hawajawahi kumdanganya kwamba wao ni wapinzani. Sikuwa na jibu. Nikajifanya natazama nje.

Na nje palikuwa pa kutazama! Ukishapita Laela hivi, dunia inafunguka. Vilima vya nyasi, duara baada ya duara, miti ya kuhesabu, mbingu imeinama karibu na mabega yako. Uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, mashariki ardhi inaporomoka kwenda Bonde la Rukwa, magharibi inaporomoka kwenda Ziwa Tanganyika, na wewe uko juu ya meza katikati. Mashambani utaona matuta ya mviringo kama mamia ya vichuguu vilivyonyolewa. Wafipa wanayaita ntumba: nyasi zinafukiwa chini ya udongo, zinaoza, zinageuka mbolea bila kwenda dukani. Mababu zao pia walifua chuma katika tanuru ndefu kuliko mtu, na masalia yake bado yapo. Watu wa namna hii ndio tunaowachekea kwa habari za ungo!

Sumbawanga mjini niliteremka jioni, baridi ikanipiga kofi la kwanza. Nilikuwa nimevaa fulana ya Kariakoo, nyepesi kama ahadi ya kampeni. Gesti nilipewa mablanketi mawili na beseni la maji ya moto, na asubuhi nikakimbilia kijiwe cha kahawa karibu na soko, ambako wazee wamevaa makoti mazito hadi unadhani uko Ulaya.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba mwanetu. Umetoka joto wewe, tunakuona unavyotetemeka."

Wakanipisha kwenye benchi. Nikaagiza kahawa, nikaagiza nyingine, ndipo nikachokoza. Mmoja wao, mwenye kofia ya sufi iliyoteremka hadi kwenye nyusi, alinipa darasa ambalo sikulitegemea. Kwanza alikataa kabisa kwamba Rukwa ni pori la CCM. Akaniuliza kama nakumbuka mwaka 2005, CHADEMA ilipopata majimbo matano tu Tanzania nzima. Nikayataja ninayoyajua: Karatu, Moshi Mjini, Kigoma Kaskazini, Tarime. "Na la tano?" Nikakwama. La tano lilikuwa Mpanda Kati, la Said Arfi, na wakati huo Mpanda ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijamegwa mwaka 2012. Nililipia kahawa yake kwa aibu.

Kisha akanishusha kwenye kesi. Uchaguzi wa 2010, jimbo la Sumbawanga Mjini, Aeshi Hilaly wa CCM alitangazwa mshindi, Norbert Yamsebo wa CHADEMA akapinga mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikatengua matokeo. Mji ukalipuka kwa shangwe upande mmoja na kilio upande mwingine. Halafu rufaa ikaenda, Mahakama ya Rufani ikamrudishia Aeshi kiti chake, na 2015 akashinda tena. Mzee hakusema nani alionewa, na mimi sisemi. Alichosema ni kwamba mkulima alihesabu misimu ya mahindi iliyopita kesi ikiwa inatembea, akaona misimu hiyo ni mingi kuliko uvumilivu wake.

Hapo ndipo mahindi yalipoingia kwenye mazungumzo na hayakutoka tena. Rukwa ni ghala la nchi, hilo kila mtoto wa shule analijua, lakini ghala nalo lina kilio chake. Bei ikiwa nzuri, lori linakuja hadi mlangoni. Bei ikianguka, gunia linakaa ndani na panya. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi yasitoke nje ya nchi, huku juu walibaki na mavuno bila mnunuzi wa maana. Mkulima anaangalia nani atanunua, na jibu mara nyingi ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao ni serikali. Mbolea ya ruzuku ni serikali. Barabara ya kumshusha mgonjwa kutoka kijijini ni serikali. Sasa mwambie mtu huyu amchague mbunge ambaye waziri anaweza asimpokee simu! Marehemu Rais Magufuli aliliweka wazi katika kampeni za 2020, kwamba wanaochagua upinzani wasitarajie sana. Wazee wa kijiweni hawakulaumu. Waliliona kama mtu anavyoona mawingu.

Mimi sikukubaliana nao, na niliwaambia. Kodi inakatwa kwa kila mtu, aliyechagua kijani na asiyechagua, hivyo barabara si zawadi ya harusi. Mzee wa kofia akatabasamu. "Unasema kweli, mwanangu. Kayaseme hayo mlangoni kwa wanaonunua mahindi."

Kesho yake nikapanda basi la kwenda Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi. Barabara inapita Chala, upepo unachapa madirisha, na mama mmoja nyuma yangu amebeba kuku anayenidonoa kisigino. Njiani nikawa nakumbuka hadithi ya kale ya Wafipa ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliiandika. Mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe kigoda cha enzi na onyo la wageni watakaokuja. Wageni wakaja kweli, nao walikuwa wanawake. Wakakitaka kigoda, wakakikalia. Mfalme aliporudi akaambulia kubaki na Milansi yake ndogo, nchi ikawa ya wageni. Nadhani hakuna kabila lingine nchini lenye hadithi ya mwanaume aliyepoteza kiti kwa mwanamke kwa sababu alikuwa safarini! (Kama lipo niandikieni, msinitukane.)

Maana 2020 ilikuwa hivyo hivyo. Ally Keissy wa CCM, mbunge tangu 2010, sauti kubwa bungeni, msema lolote, alikutana na Aida Khenani wa CHADEMA, akaangushwa. Nilikuja nikidhani watu wa Nkasi walichagua chama, bendera, vidole viwili hewani. Dada mmoja anayeuza chai na vitumbua karibu na stendi ya Namanyere alinicheka. Mwaka ule alikuwa anapiga kura kwa mara ya kwanza. "Kaka, sisi tulimchagua Aida. Tulikuwa tunamfahamu." Na ni kweli alikuwa amefahamika, kwani kuanzia 2015 hadi 2020 alikuwa mbunge wa viti maalum. Watu walikuwa wamemwona miaka mitano kabla hajaomba kura zao. Hakuanguka kutoka helikopta wiki mbili kabla ya uchaguzi kama tunavyozoea.

Dada aliniambia usiku wa kuhesabu kura hakulala. Walikaa nje kwenye baridi ya Ufipa, wamejifunika khanga na mablanketi, wanasubiri. Kulipotangazwa, alisema, alihisi karatasi yake ileile aliyoikunja imetoka kwenye sanduku ikasema jina lake. Alilisema hili huku akichochea mkaa, bila mbwembwe, na mimi chai ilinikwama kooni.

Kwa hiyo ukitaka mtu wa kuamini upinzani Tanzania, ni yeye. Alipiga kura mara moja, ikashinda. Lakini sikilizeni yaliyofuata. CHADEMA ikasema haiyatambui matokeo ya 2020, huku mbunge wake huyo mmoja akiapa na kuingia bungeni, na wapigakura wake wasijue washerehekee au waombe radhi. Novemba 2024 ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa, CCM ikazoa zaidi ya asilimia 98 ya viti. Aprili 2025 Tundu Lissu akakamatwa na kufunguliwa kesi ya uhaini, chama kikakataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi kikidai mabadiliko kwanza, Tume ikakitoa. Oktoba 29, 2025 wapigakura wa Nkasi Kaskazini wakapewa karatasi ambayo chama walichokichagua miaka mitano kabla hakikuwemo. Siku hiyo intaneti ilizimwa, mijini watu waliandamana, risasi zikalia, watu wakafa. Huko Namanyere dada alikaanga vitumbua vyake kama kawaida. Hakwenda kituoni.

Nikamuuliza kama amekata tamaa. Akafikiri. Alisema anaelewa kwa nini chama kiligoma, na kama angekuwa kiongozi labda naye angegoma. Ila walipogoma hawakumuuliza yeye. Kiti kilikuwa chake pia.

Hapa msomaji wangu nakiri nilinyamaza, maana nimezoea kulaumu upande mmoja na ilinipasa nigeukie wa pili. CHADEMA ilianza 1995 na majimbo matatu, 2010 ikafika 23, 2015 ikavuka 30, kisha likabaki moja, kisha sifuri. Tunapopiga soga Sinza tunasema kura ziliibwa, tunamaliza. Nkasi wanauliza swali gumu zaidi: hata zikilindwa, nani atakuwepo wa kuzipokea?

Kirando, chini kwenye Ziwa Tanganyika, nilikaa nusu siku tu. Joto linarudi, unavua koti, migebuka inakaangwa kando ya maji. Wavuvi walikuwa na mengi ya kusema kuhusu mwaka 2024, ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 samaki wapate kuzaliana, na machache kuhusu 2030. Mmoja tu alisema mgombea wa upinzani anaweza kushinda tena hapa, akiwa mtu anayejulikana na jina lake likibaki kwenye karatasi. Wenzake wakamwambia aache ndoto, avute wavu.

Niliporudi Namanyere kupanda basi la alfajiri, dada alinifungia vitumbua kwenye gazeti na kunipa unga wa ulezi kwa ajili ya mama yangu. Alipotafuta chenji kwenye pochi ikadondoka kadi yake ya mpigakura. Nikaiokota. Imefungwa kwenye nailoni, safi, haina hata mkunjo.

"Mbona unaitunza hivi?" nikamuuliza.

"Kaka, wa mikopo wanaitaka," akasema, akaipangusa kwa khanga, akairudisha ndani. Konda alikuwa anapiga bodi la basi, nami nikakimbia.