Hema Moja, Watoto Watatu: Safari za Kambi Kutoka Kampala

Mji wa Kampala umebahatika kwa jambo moja: kila barabara kuu itokayo humo humfikisha msafiri penye mandhari ya kutazamika. Kaskazini magharibi yako maporomoko ya Murchison. Mashariki, Mlima Elgon. Magharibi, milima ya Ruwenzori yenye theluji. Vijana wasio na watoto huziendea sehemu hizo kwa wepesi. Hutia hema, sufuria moja na kurunzi mfukoni, wakaondoka Ijumaa jioni bila kujali watafika saa ngapi. Wapandao Elgon huvumilia baridi kali ya usiku ili wakifikie kilele cha Wagagai, mita 4,321 juu ya usawa wa bahari.

Watoto wakishazaliwa, mambo hugeuka. Nyumba nyingi hulikunja hema na kuliweka stoo mpaka watoto wakue. Nyumba nyingine huendelea kusafiri, lakini hubadili kipimo cha safari. Hapo kwanza swali lilikuwa, "Tutafika mbali kiasi gani?" Sasa huwa, "Tutafika saa ngapi?" Katika nchi hii ya Ikweta jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kusimamisha hema gizani, huku mtoto mmoja akilia njaa na mwingine akikimbilia vichakani, ni adhabu. Yafaa kuondoka Jumamosi alfajiri, kabla magari hayajasongamana, na kufika kambini mchana.

Kwa sababu hiyo Msitu wa Mabira huwafaa sana wenye watoto. Uko kwenye barabara ya Jinja, mwendo wa kilometa zipatazo 54 tu kutoka mjini. Njiani, hapo Namawojjolo, wachuuzi hulikimbilia kila gari wakiwa na kuku na ndizi za kuchoma, na watoto hushiba kabla ya kufika. Baada ya mashamba ya miwa ya Lugazi, miti mikubwa huanza ghafla pande zote mbili za barabara. Penye kituo cha wageni cha Najjembe pana uwanja wa kupigia kambi.

Humo msituni matembezi ya saa moja huchukua saa tatu. Mtu mzima hutaka kufika mwisho wa njia. Mtoto hutaka kusimama penye msafara wa siafu, kuokota jani, kumwangalia kima mwenye mkia mwekundu. Mzazi mwenye busara huacha kuhesabu kilometa, kwani mwenda pole hajikwai.

Usiku ndio mtihani. Mbu waenezao malaria huuma hasa baada ya jua kuzama, na ugonjwa huo huwaua zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Chandarua chenye dawa na nguo za mikono mirefu visisahauliwe, wala mlango wa hema usiachwe wazi. Tena ikumbukwe kwamba homa haitokei siku ile ile. Aghalabu hupita wiki moja au zaidi. Mtoto akipata joto jingi siku kadhaa baada ya kurudi nyumbani, apelekwe hospitali upesi akapimwe damu, na daktari aelezwe alikolala.

Maji nayo yana hatari zake. Ufukwe wa Ziwa Viktoria hupendeza macho, lakini penye konokono wa majini huweza kuwapo kichocho. Katika Hifadhi ya Ziwa Mburo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, viboko hutoka ziwani usiku kula majani. Hema la wenye watoto lisimamishwe mbali na maji, na mtoto asitoke peke yake kwenda msalani.

Liko pia jambo lisemwalo kwa nadra. Safari ya kambi huweza kuwa mapumziko ya baba na kazi maradufu ya mama, ambaye huhamisha jiko, nepi na dumu la maji kutoka nyumbani hadi porini. Baba na awashe moto, aoshe vyombo na kuwalaza watoto. Pasipo mgawanyo huo, mama atakuwa wa kwanza kusema kwamba hema libaki stoo, na atakuwa na haki.

Mengine hayana budi kungoja. Kwa mfano, sheria hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 15 kuwafuata sokwe wakubwa wa Bwindi. Lakini msitu wa karibu hauna sababu ya kungoja. Mwaka 2007 wakazi wa Kampala waliandamana kupinga mpango wa kutoa hekta zipatazo 7,000 za Mabira, karibu robo ya msitu huo, zilimwe miwa. Watu walikufa katika ghasia za siku hiyo. Watoto wanaolala leo Najjembe ndio watakaoulizwa kesho kama msitu huo ubaki au ukatwe. Ni heri wawe wamewahi kuusikia usiku, wakiwa wamelala katikati ya baba na mama.