Gari la Moshi Lililokomea Kamanyola

Siku moja huko Kasenga, katika mji wa Uvira, tuliwauliza wanafunzi wetu kama wamepata kusikia habari za gari la moshi la Uvira. Walicheka, wakidhani twawatania. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akitusikiliza, akasema: “Msicheke, wajukuu zangu. Mimi nalilipanda pamoja na mama, tukienda kuwauzia ndagala watu wa uwandani.”

Mzee alisema kweli. Toka mwaka 1931 hata 1958, reli ilianza bandarini Kalundu, ikafuata uwanda wa Ruzizi kuelekea kaskazini, ikaishia Kamanyola, mwendo wa kilometa zipatazo 90. Shirika lake liliitwa CEFAKI, yaani Reli ya Kivu. Nia yake ilikuwa kuunganisha Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu, ili mizigo iliyoletwa kwa meli toka Kigoma na Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, ipate njia ya kwenda Bukavu.

Lakini tutazame nchi ilivyo. Ziwa Tanganyika liko meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko meta 1,460 hivi. Uwandani reli hupita bila taabu kubwa, bali mbele ya Kamanyola milima ya Ngomo yasimama kama ukuta. Ukuta huo reli haikuupanda kamwe. Basi shehena ilishushwa melini, ikapakiwa garini. Ilipofika Kamanyola ikashushwa tena, ikapakiwa katika malori. Kumbe lori laweza kupakia Kalundu na kushusha Bukavu, mzigo usiguswe njiani! Barabara ilipozidi kutumika, reli ikakosa faida.

Stesheni ya Kamanyola, basi, haikufa kwa uzee, maana miaka 27 si mingi kwa reli. Ilikuwa kituo cha njiani, ikafanywa mwisho wa safari. Kazi iliyoachwa nusu huwalemea hata walioifanya vema.

Wanafunzi wetu hawakucheka tena. Jioni ile walimzunguka mzee wakiwa na madaftari: Nauli ilikuwa kiasi gani? Gari lilisimama wapi? Nanyi, wasomaji wapenzi, fanyeni vivyo hivyo. Waliolipanda gari lile wamebaki wachache, na wakiondoka, hapatakuwa na wa kumwuliza.