Tumekula mbegu

Leo acha niwape kisa ambacho nimekikalia muda mrefu kwa aibu.

Kama mnavyojua, Bungeni hapa Dodoma watu wanaongea Kiswahili, halafu sisi wengine tunaandikia gazeti la Kiingereza. Sasa mbunge akisimama na kutishia kwamba atashika shilingi ya Waziri, wewe utaandikaje? Maana yake ni kwamba Kamati ya Matumizi ikifika kwenye mshahara wa Waziri, yeye atatoa hoja upunguzwe kwa shilingi moja mpaka apewe maelezo ya kuridhisha. Mwaka wangu wa kwanza niliiandika neno kwa neno. Mhariri wa zamu akanipigia kutoka Dar kuuliza kama Waziri ameibiwa.

Basi nikaanzisha daftari. Upande mmoja nahau za Kiswahili, upande wa pili za Kiingereza. Jamaa yangu mmoja niliyesoma naye chuo, ambaye alikuwa anajifunza Kihispania kwenye intaneti, akaniongezea safu ya tatu. Tulicheka sana. Sisi mtu akifa amekata kamba, Mwingereza ameipiga ndoo teke, Mhispania amenyoosha mguu. Ukitaniwa, Mwingereza anakuvuta mguu, Mhispania anakuchukua nywele. Mvua ikizidi, kwa Mwingereza wanadondoka paka na mbwa, kwa Mhispania inamwagwa kwa mitungi. Nikajiona bingwa.

Huku kwetu hiyo mvua ya mitungi si ya kuitegemea. Uwanda huu wa kati una msimu mmoja tu, Novemba au Desemba mpaka Aprili. Ikikatika katikati, mtama na uwele vinakauka na hakuna msimu wa pili wa kukuokoa mwaka huo.

Mwaka juzi, Novemba, nilikwenda kijiji kimoja cha Chamwino kuandika habari ya upungufu wa chakula. Nikamwamkia mzee mmoja, "Shikamoo babu", kisha nikatupia na "mbukwa" yangu ya kuombea maji. Akafurahi. Nilipomuuliza hali akasema, "Mjukuu wangu, sisi hapa tumekula mbegu."

Moyo uliruka! Nahau hiyo Waingereza wanayo, na kwenye daftari ilikuwepo: mtu amekula mtaji wake. Nikaiandika kwa mbwembwe. Mhariri akaona imechakaa, akaifuta, akaweka kwamba wanakijiji wametumia akiba yao yote. Sikubisha. Ilikuwa imenyooka.

Baada ya wiki tatu nikapita tena na gazeti mkononi, najidai. Mjukuu wa mzee, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akalichukua na kumsomea babu yake, akitafsiri polepole: "Wanasema... mmemaliza pesa zenu mlizojiwekea."

Mzee akamtazama mkewe. "Pesa zipi hizo?"

Bibi akacheka mpaka akashika mlango. Mzee hakucheka. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili. Shamba limelimwa vizuri, matuta yamenyooka, na kipande kikubwa hakina kitu. Mtama walioutenga kwa kupanda waliusaga Septemba wakapika uji. Mbegu. Mbegu yenyewe, ile ya kwenye kibuyu. Alikuwa amepata makopo mawili ya uwele kwa shemeji yake Mvumi, akapanda kona moja.

"Wewe nilikwambia," akasema. "Nilidhani utawaambia watuletee."

Nilirudi mjini nikampigia mhariri nikaomba sahihisho. Akaniuliza kosa liko wapi. Nikamweleza. Akasema sentensi ile haina kosa, kisha akauliza kama habari ya Bunge iko tayari.

Nikaiandika upya kwa Kiswahili, nikawapa wenzetu wa gazeti jingine. Ilitoka Januari, aya nne, chini ya tangazo la mnada wa magari.