Barabara Ipitayo Nyumbani kwa Wengine

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, ukishapita Doma, barabara kuu inaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na inakatwa katikati na barabara iendayo hadi Zambia. Kwa kilomita 50 hivi abiria wa basi huona twiga, swala na hata tembo bila kulipa kiingilio. Watoto hufurahi sana. Lakini hebu tujiulize, mama mwenzangu: hapo tunapita kwa adabu gani?

Kando ya lami huketi nyani wakisubiri. Hawakuzaliwa na tabia hiyo. Wamefundishwa na madirisha ya magari. Leo ganda la ndizi, kesho kipande cha muhogo. Mnyama aliyezoea kula barabarani hugongwa barabarani, na mzoga wake huwavuta fisi na tai ambao nao hugongwa. Isitoshe, dereva anayemkwepa nyani ghafla amebeba roho za watoto wetu.

Basi mtoto anayerusha ndizi ana moyo mwema, ila hatendi wema. Mweleze kabla hamjafika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo beba kikapu au ndoo ndogo yenye mfuniko, taka zote ziingie humo mpaka mfike.

Kama muuguzi naongeza hili: nyani aweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akimng'ata au kumkwaruza mtoto, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Mbele ya mji wa Mikumi kuna Bonde la Mibuyu, na Ruaha Mbuyuni penye vitunguu vingi. Hapo barabara inafuatana na Mto Ruaha Mkuu kabla ya kupanda mlima Kitonga. Ni mahali pazuri, na zipo sehemu za kambi za kulipia. Mkitaka kulala kwingine, msisimike hema kabla ya kupiga hodi kwa mwenyeji au kwa uongozi wa kijiji. Eneo linaloonekana pori huenda ni shamba lililopumzishwa, au malisho ya mtu.

Mto huo ni kisima cha watu wengi. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo husafiri na maji, kwa hiyo "kuchimba dawa" kuwe mbali, hatua 100 au zaidi kutoka mtoni. Chimbeni shimo la sentimita 20 na kulifukia vizuri. Vyombo na nguo za mtoto mchanga zifuliwe kwenye beseni, na maji machafu yamwagwe mbali na ukingo.

Kuni ziwe zilizoanguka zenyewe. Moto uzimwe kwa maji mpaka majivu yashikike kwa mkono.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Asubuhi, mahema yakishafungwa, wapange watoto mstari mmoja, waokote kila kifuniko cha soda na kila njiti ya kiberiti. Mwenyeji akija baadaye, asikute alama nyingine ila nyasi zilizolala.