Slametan: Mkeka Mmoja, Mioyo Mingi

Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu niliamini kwamba watu wanaokula pamoja hawawezi kuuana. Imani hiyo niliijenga juu ya slametan, karamu ya shukrani na ya kuomba salama wanayoifanya majirani vijijini Java, nchini Indonesia.

Jina lenyewe si geni kwetu: slamet ya Kijava na salama ya Kiswahili zimechotwa katika kisima kimoja cha Kiarabu. Mtoto akizaliwa, kijana akitahiriwa au mtu akifariki, wanawake hupika na wanaume wa jirani huitwa muda mfupi tu kabla ya karamu. Huketi mkekani, tajiri kwa maskini. Mwenyeji hutaja nia yake kwa Kijava cha heshima, dua husomwa kwa Kiarabu, wageni huonja kidogo, kisha kila mmoja huondoka na fungu lake, liitwalo berkat, yaani baraka, akale na watu wa nyumbani kwake. Marehemu huandaliwa karamu siku ya 3, ya 7, ya 40, ya 100, hata ya 1000.

Iliyonitikisa ni makala ya Clifford Geertz ya mwaka 1957. Mwanaanthropolojia huyo aliishi Pare, mji mdogo wa Java Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Anasimulia kifo cha ghafla cha mtoto wa miaka takriban 10. Mlezi wake alikuwa mfuasi wa chama kilichopingana na vyama vya Kiislamu. Kwa sababu hiyo modin, ofisa wa dini, alikataa kusimamia mazishi. Maiti ikasubiri, majirani wakabaki wakitazamana.

Mwaka 1965 na 1966, watu laki kadhaa waliohusishwa na chama cha kikomunisti waliuawa Indonesia. Kediri, eneo ulipo mji wa Pare, liliumia sana. Katika Java Mashariki jeshi lilishirikiana na vijana wa kiraia, na wengi waliuawa na watu waliokulia katika desturi ileile ya mkeka.

Sisemi kwamba slametan ni unafiki. Haimtaki mtu akubaliane na jirani yake. Humtaka aitikie mwito tu. Hiyo ndiyo nguvu yake: huwaketisha pamoja wenye imani tofauti, kila mmoja akiielewa sahani ileile kwa namna yake. Udhaifu wake uko hapohapo. Huziba nyufa za kila siku, lakini haiwezi peke yake kuwazuia wenye mamlaka wanaoamua kwamba jirani fulani hastahili kuzikwa, na baadaye kwamba hastahili kuishi.

Basi tunapousifu mshikamano wa vijiji katika hotuba na mipango yetu, tujiulize pia nani anawafundisha wanakijiji kukataa mwito wa jirani. Pare, dalili ya kwanza ilikuwa maiti ya mtoto iliyokosa wa kuiosha.