Maji ya Jangwani

Sisi tuko Salt Lake City, Marekani. Tunawaletea habari za safari yetu ya mwezi wa nane.

Tulikuwa wamama watatu na watoto wanne. Tulikodi gari-nyumba, ni kama kamio ndogo yenye vitanda, jiko na tangi la maji. Tukaenda kusini karibu kilometa 500 mpaka Zion, hifadhi yenye makorongo marefu katika nchi kavu ya Utah. Pale kila mtu anashauriwa kuwa na lita 4 za maji kwa siku, kwa hiyo tulijaza tangi, tukaongeza na bidoni. Jioni tulipika ugali na sombe kambini. Jirani mmoja akaja kuuliza harufu ile nzuri ni ya nini, akapewa sahani.

Kesho yake watoto walitaka kuingia Narrows. Hapo mto Virgin unapita katikati ya kuta za mawe zenye kufika meta 300, na njia ni mto wenyewe: unatembea ndani ya maji. Mbingu ilikuwa safi, jua kali. Lakini mlinzi wa hifadhi alituzuia. Mvua ilikuwa inanyesha mbali, kule juu mto unakotoka. Watoto walilia. Hata sisi tulinung'unika, maana pesa nyingi ilikuwa imetutoka.

Saa kumi mto ukageuka mwekundu, ukabeba magogo. Tulinyamaza. Mwenzetu mmoja ni wa Uvira. Alikumbuka Mulongwe ya mwezi wa nne 2020, akawavuta watoto wake karibu.

Si hofu ya bure. Tarehe 14 mwezi wa tisa 2015, watu 7 walikufa katika korongo moja la Zion. Siku ile ile, huko Hildale, maji yalichukua magari mawili yenye wamama na watoto, 13 walikufa.

Mama, ukiwa bondeni usitazame tu mbingu ya juu ya kichwa chako. Uliza kama mvua inanyesha milimani. Maji yakigeuka matope, yakileta vijiti, ao ukisikia mngurumo, pandisha watoto juu mara moja. Vitu viache.

Narrows hatukuiingia. Usiku ule, ndani ya gari, tuliwahesabu watoto wakiwa wamelala: wanne. Tukazima taa.