Wageni wa Kaskazi katika Hori ya Mida

Upepo wa kaskazi ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Omani na Ghuba katika bandari za pwani yetu. Majahazi hayo sasa ni nadra, ila wako wageni wengine wa msimu huo ambao hawajakata mguu. Hao ni ndege wa ufukweni, wanaoikimbia baridi ya kaskazini ya dunia na kushukia hori ya Mida, karibu na Watamu.

Tuliizuru hori hiyo pamoja na aila zetu. Kutoka barabara kuu ya Mombasa na Malindi, njia hushuka hadi kwenye mikoko, na hapo huanza daraja la kamba na mbao linaloishia katika kibanda cha kutazamia ndege. Ada ya daraja hilo imesaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji jirani. Ni vyema kufika maji yakiwa yanajaa, kwani yakipwa ndege hutawanyika mbali matopeni, na yakijaa husukumwa karibu na mtazamaji.

Aliyetuvutia zaidi ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Huyu huzaliana katika fukwe za Bara Arabu na nchi za jirani. Huchimba shimo mchangani akataga humo, aghalabu, yai moja tu, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kando yake walikuwapo vitwitwi wadogo wenye midomo iliyopinda, ambao viota vyao viko Siberia. Kiumbe anayeenea kiganjani huvuka maelfu ya kilomita, na hakuna amshikiliaye angani ila Mwenyezi Mungu, kama tunavyokumbushwa katika Surat al-Mulk.

Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa ndege atokaye asubuhi na njaa akarudi jioni ameshiba. Riziki ya wageni hawa Allah ameiweka katika matope ya Mida, na matope hayo ni amana mikononi mwetu. Mikoko ikikatwa ovyo, kaa hupungua. Tena, kabla ya kurejea kwao mnamo Machi na Aprili, ndege hawa hulazimika kujaza mafuta mwilini. Kila wanaporushwa kwa jiwe la mtoto au kwa kufukuzwa na mbwa, huunguza akiba ya safari, na mwenye akiba haba huenda asifike.

Basi enyi kina mama, ambao ndio madrasa ya kwanza, wapelekeni watoto Mida kabla kusi haijaingia. Wafunzeni kuketi kimya, kutazama na kuhesabu, na mawe wayaache chini. Kumkirimu mgeni ni katika imani, na mgeni huyu haombi wali wala kitanda. Anaomba aachwe ale kwa amani.

Allah atujaalie tuwe wenyeji wema. Amin.